Mgonjwa Mmoja wa Busia

Benchi la kahawa la Metrine liko hatua chache tu kutoka uzio wa mpaka, hapa Busia, na wanaolikalia wana jibu la kila kitu, hata lile ambalo hakuna aliyeliuliza. Asubuhi hiyo walikuwa watatu. Mzee Ikwap, ambaye huitwa Simenti kwa miaka aliyobeba mifuko kule Tororo. Lenox, au Fomu, anayejazia watu karatasi za forodha upande wa Kenya. Na Fabiano wa Dabani, upande wa Uganda, mwendesha boda, waliyembandika jina la Breki kwa sababu hasira zake hazina breki. Leo hakutaka utani. Alikuwa amechomoa tangazo kwenye ubao wa kliniki, akamsukumia Lenox.

— Soma, Fomu. Soma kwa nguvu, watu wasikie.

Lenox akasoma. Kwa mwaka mzima watafiti walipitia madaftari ya madaktari wa kliniki kumi na moja, pande zote mbili za mpaka. Walitaka kujua MS, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili igeuke na kula mishipa ya fahamu, umeenea kiasi gani. Wangepatikana wagonjwa watano, daktari wa neva angekuwa anakuja Busia kila mwezi. Amepatikana mmoja. Hatakuja.

— Mmoja? Ikwap akauliza. Na watu yote hii?

— Mmoja, mzee.

— Uongo, Fabiano akasema. Bibi yangu Nasirumbi natembea na fimbo. Jicho moja haioni. Kule kwetu daktari iliandika malaria. Tukarudi, malaria. Mara saba, malaria. Malaria gani nakula mguu?

— Mimi naona ni hii mpaka, Lenox akasema. Kenya inasema mgonjwa ni wa Uganda, Uganda inasema ni wa Kenya. Ukiangukia katikati ya geti, nani atakuandika?

— Hapana, Ikwap akasema. Hii ugonjwa iko na akili. Ikiona daktari nashika kalamu, najificha, nasukuma malaria mbele.

— Manze, basi wapime madaktari, Lenox akasema. Msee anaona watu themanini kwa siku. Ukiwa wa themanini, hata ujauzito ataandika malaria.

Metrine akacheka. Fabiano hakucheka, akawatazama wote kama wao ndio walioandika.

— Na huyo mmoja ni nani? Metrine akauliza.

Lenox akageuza karatasi.

— Jina hawajaweka. Mwanamke, miaka arobaini na moja, upande wa Kenya. Picha ya kichwa ilipigwa Eldoret.

— Huyo hayuko, Ikwap akasema. Wametunga, ndiyo wasirudi na karatasi tupu.

Fabiano akahesabu. Nasirumbi, mkewe, ana miaka thelathini na minne. Mwenye arobaini na mmoja ni dada yake, Annet, aliyeolewa Kenya, anayeuza dagaa wa omena sokoni na hajawahi kuugua hata kichwa. Ni Fabiano mwenyewe aliyeiazima kadi yake ya bima na kumpa mkewe: mnafanana, nani atauliza? Hakuna aliyeuliza. Picha ikapigwa, ugonjwa ukajulikana, ukaandikwa wa Annet. Na yeye tangu alfajiri alikuwa akiwatukana makarani wa nchi mbili.

— Breki, mbona umezima?

— Iko, huyo mtu, akasema. Ni bibi yangu, kwa jina ya dada yake.

Benchi zima likamgeukia. Sasa hasira ikampanda upya, na hakujua aielekeze wapi.

— Msiniangalie hivyo. Mtu naumwa kwao, hawamwoni. Navuka, naazima jina ndiyo wamwone. Nyinyi mngefanya nini?

Kabla hawajajibu, Annet mwenyewe akatokea kutoka upande wa geti, kikapu cha omena kichwani na simu mkononi.

— Shemeji, nimekutafuta kila mahali. Kliniki wamenipigia. Daktari wa neva atapita mara moja tu, Alhamisi, amwone yule mgonjwa wao. Wanasema dawa ya kuanzia anayo. Niende na kitambulisho, na watapima alama ya kidole.

— Alhamisi hii?

— Hii hii. Nikienda mimi, atanikuta mzima, atanifuta kwenye orodha. Akienda Nasirumbi, kidole kitamkataa. Sasa nani aende?

Lenox, ambaye hakuna fomu iliyowahi kumshinda, alilikunja tangazo mara nne. Metrine akainua birika amwongezee Fabiano, naye akafunika kikombe kwa kiganja.

Annet akatua kikapu chini, akasubiri jibu.