Mwalimu Breki na Mchezo Usiotaka Kusimama

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha michezo katika shule yetu ya wasichana, Mwalimu Breki anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, tena zuri, lakini ukilitaja langoni mlinzi atakuambia mtu huyo hamjui. Basi na sisi tumwite hivyo hivyo. Miaka ya mwanzo alijaribu kulikataa, akachoka.

Jina lilitoka kwenye mpira wa pete. Wanaoujua mchezo ule wanafahamu kwamba mchezaji akishadaka mpira haruhusiwi kukimbia nao; anasimama, anatafuta mwenzake, anatoa pasi. Mwalimu aliwafundisha wasichana kusimama kwa neno moja tu, "breki", na alilitoa kwa sauti iliyofika hadi maabara. Vikombe vyote vilivyopangwa pale mapokezi ni jasho lake. Mimi nimekaa meza ya jirani naye chumba cha walimu miaka mingi, nikifundisha jiografia kwa amani kadiri alivyoniruhusu, na naapa hata darasani kwangu kulikuwa na wasichana walioacha kuandika wakilisikia neno lile dirishani.

Kisha viwanja vikachukuliwa. Miaka mitatu iliyopita shule ilihitaji madarasa mapya, na mahali pekee palipofaa kujengwa ni pale penye nguzo za pete. Mkuu wa shule, mama wa maneno machache asiyependa kuzungushwa, alimwita ofisini akamweleza wazi. Viwanja hakuna, kwa hiyo timu hakuna; muda uliobaki kabla ya kustaafu angeumalizia stoo, akitunza chaki, madaftari na mafagio. Ni kazi nyepesi, alimwambia, itampumzisha. Mwalimu alirudi mezani pake, akavua filimbi shingoni, akaitia kwenye droo. Sijawahi kumwona vile. Mtu ameishi uwanjani tangu usichana wake, leo umfungie na mafagio! Iliniuma mno.

Kesho yake alikuja na mpango. Nyuma ya bweni tuna eneo la majani lenye mteremko kidogo, ambalo hakuna aliyelitaka kwa lolote. Na kule kilimani kuna shule nyingine ya wasichana inayocheza lakrosi ya wanawake, mchezo wa majani, wachezaji kumi na wawili kila upande, kila mmoja na fimbo yenye wavu kichwani, wakigombea mpira mdogo wa raba ngumu ili wautie golini. Walikuwa na fimbo za zamani wakakubali kutuazima. Mkuu wa shule alizigeuzageuza zile fimbo, akauliza kama ni za kuvulia samaki. Hata hivyo alimpa muhula mmoja. Timu ikishinda mechi hata moja kabla ya kufunga shule, mwalimu abaki uwanjani. Isiposhinda, funguo za stoo zinamngoja.

Chumba cha walimu hakikumpa nafasi. Mzoea punda hapandi farasi, walisema, na walisema huku wakimkaribisha chai. Mwenyewe alijibu kwamba maji akishayavulia nguo hana budi kuyaoga, akaongeza sukari. Kila Jumamosi alipanda kilimani kufundishwa na kocha msichana ambaye angeweza kuwa kitindamimba wake, akimwamkia kwa heshima "shikamoo mama" kisha akimwamuru akimbie. Jumatatu alikuja kuwafundisha wasichana wetu kile alichokipata Jumamosi, haraka haraka, kabla hakijamtoka.

Somo la kwanza lilikuwa kuubembeleza mpira. Fimbo za wanawake zina wavu usio na kina, mpira haukai humo kwa hiari yake. Lazima mkono wa juu uizungushe fimbo taratibu, kwenda na kurudi, na wa chini uishikilie tu, nawe unakimbia. Mwalimu alifanya mazoezi kutoka langoni hadi mezani pake kila asubuhi, mkoba begani, akisalimia watu. Siku moja mpira ulimtoka mlangoni ukaishia kwenye kikombe changu cha chai. Alisema angalau umeingia. Baada ya kubembeleza kukaja kuchota mpira ulio chini, ambako siri ni kukunja magoti na kupita nao bila kusita. Kisha kudaka, ambako fimbo hurudi nyuma kidogo kuupokea mpira badala ya kuugonga. Kisha kurusha, mkono wa juu ukisukuma, wa chini ukivuta. Ukuta wa nyuma ya jiko uligongwa hadi rangi ikabanduka, na mpishi akatuma salamu kwamba sufuria zake zinatetemeka. Wasichana wakavaa miwani ya kinga, wote wakafanana na mafundi wa kuchomelea mageti.

Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya shule ile ile ya kilimani, na nawaombeni msicheke kabla sijamaliza. Wasichana wetu walidaka vizuri, kwa kweli walidaka kuwashinda wenyeji. Lakini kila aliyedaka alisimama. Alipiga mguu chini, akanyooka, akaanza kutafuta wa kumpa, kama alivyofundishwa tangu kidato cha kwanza. Katika lakrosi huruhusiwi kumgonga mwenzio mwilini, ila unaweza kuigonga fimbo yake, na fimbo iliyosimama inagongwa kwa raha zake. Mpira ukadondoka, wakauchota, wakaenda kufunga. Safari moja mwamuzi alisimamisha mchezo akaja kuuliza kama kuna mtu ameumia, maana wachezaji wetu watano walikuwa wameganda. Tulifungwa kumi na saba kwa bila.

Kwenye basi la kurudi nilidhani mwalimu amekata tamaa, kumbe anacheka. Alisema hajawahi kuona kazi yake ikikubalika namna ile. Amewafundisha wasichana kusimama na kweli wamesimama. Sasa ingebidi awafumue, na awafumue mwenyewe, kwani aliyewashona ni yeye. Neno breki likapigwa marufuku uwanjani. Tatizo lilikuwa kwamba mkono wake nao ulikuwa na mazoea. Msichana akidaka tu akakimbia, filimbi ilijikuta mdomoni mwa mwalimu, imelia, na katika lakrosi filimbi ikilia wote husimama. Wanajifunza kukimbia, yeye anawasimamisha! Mwishowe aliivua akanivisha mimi. Ndivyo mwalimu wa jiografia alivyoshika filimbi muhula mzima, nikiipuliza pale tu aliponikonyeza, naye akikimbia pamoja na wasichana huku mikono ameifunga nyuma ili isimsaliti.

Mumewe, fundi viatu, alikuwa akija jioni kukaza nyavu zilizolegea kwa uzi wa kushonea soli, akilalamika kwamba tangu mchezo huu uingie nyumbani hajui chakula cha moto kikoje. Alilalamika hivyo na hakukosa hata siku moja. Matokeo nayo yakaanza kubadilika. Mechi ya pili tulifungwa tisa kwa nne, ya tatu sita kwa tano. Tulikuwa tunakimbia, lakini ushindi ulikuwa bado, na ikabaki mechi moja kabla ya kufunga shule. Wapinzani ni wale wale wa kilimani. Asubuhi ya siku hiyo mwalimu alisafisha droo yake. Sikumuuliza kwa nini, nilijua.

Mechi ile waliohudhuria wanaisimulia mpaka leo, kila mtu na yake, lakini mimi nilikuwa pembeni mwa mstari kwa hiyo sikilizeni yangu. Zikiwa zimebaki dakika chache ilikuwa saba kwa saba. Msichana wetu mrefu, wanayemwita Twiga, aliuchota mpira katikati ya uwanja, akaubembeleza, akakimbia. Mabeki wawili wakamfuata ubavuni kwa kasi yote, na mbele kulikuwa na golikipa tu. Mwalimu alikuwa ananong'ona kimbia, kimbia, kimbia. Twiga akasimama. Mguu chini, kiwiliwili wima, kama yupo kwenye mpira wa pete. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mabeki wote wawili walikuwa wamempita, wameteleza mbele huko hawana breki, naye yuko peke yake, ana nafasi, anatulia, anarusha chini, mpira unadunda mara moja mbele ya golikipa na kuingia.

Nane kwa saba. Mkuu wa shule, aliyekuja kwa dakika kumi tu, alionekana katikati ya uwanja na viatu vya kisigino mkononi. Mwalimu hakuruka. Aliketi kwenye majani akalia waziwazi, wasichana wakamrundikia fimbo zao miguuni. Baadaye Twiga alipoulizwa alisema hakupanga, miguu tu iliamua. Tangu siku ile kusimama ghafla ni somo katika mazoezi yetu, linafundishwa mwisho kabisa, baada ya msichana kujua kukimbia. Shule ya kilimani sasa inaleta wachezaji wake kujifunza kwetu, na mwaka huu kombe la kanda limekuja hapa.

Siku chache zilizopita nilimuuliza angependa tumuage na nini. Nilitegemea aseme saa ya ukutani, au viti. Akasema kwamba miaka yote amesimama nje ya mstari akiwatuma watoto wa wenzake ndani, na lakrosi mwenyewe hajawahi kuicheza mechi hata moja. Kwa hiyo Ijumaa saa tisa walimu wa kike, wapishi na karani watacheza dhidi ya wasichana. Mkuu wa shule ameomba kuwa golikipa. Twiga, ambaye sasa yuko chuo cha ualimu wa michezo, anakuja kuwa mwamuzi. Mstaafu wetu atasimama katikati kuanzisha mchezo.

Mwalimu, asante kwa jasho, kwa kelele, na kwa kutuonyesha mtu mzima anavyokubali kuwa mwanafunzi mbele ya wanafunzi wake. Asante pia kwa fundi wetu wa nyavu, na tunamwombea chakula cha moto. Tunakutakia afya njema, magoti imara na asubuhi zisizo na kengele. Na Ijumaa mwamuzi atakapomaliza mchezo, usikimbilie kutoka. Toka taratibu, ukiwa na fimbo mkononi, tukutazame vizuri: unastaafu ukitokea uwanjani, Mwalimu wa Michezo.