Raheli Amosi Msengi na Meza ya Mdogo Wake

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani na wote mliofika hapa tangu asubuhi, familia inaomba mkae kwa utulivu ili tuwasomee kwa ufupi habari za mama yetu, dada yetu na bibi yetu, jinsi alivyoishi na jinsi alivyotutoka.

Marehemu Raheli Amosi Msengi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957 katika kijiji hiki, wilaya ya Iramba, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Amosi Msengi, na mdogo wake wa pekee, Stefano, alizaliwa mwaka 1963. Mama yao alifariki Stefano akiwa bado hajaanza kusema vizuri, hivyo Raheli ndiye aliyembeba mgongoni akienda kisimani, akamtafunia chakula, akamfundisha kusali, na watu waliokuwepo wakati ule wanasema Stefano alikuwa akimwita mama mpaka alipoanza shule, ndipo wenzake walipomcheka akaacha.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini akamaliza darasa la saba mwaka 1972, na kuanzia mwaka 1979 hadi alipostaafu mwaka 2012 alifanya kazi ya uhudumu wa wodi huko Kiomboi, akiosha wagonjwa na kuwageuza vitandani, na siku za mapumziko alikuwa shambani kwenye uwele na alizeti. Tarehe 18 Novemba 1978 alifunga ndoa takatifu na marehemu Nathan Shila, wakajaliwa watoto wawili, Antipasi na Magdalena, na mumewe alitangulia mbele za haki mwaka 2009. Katika usharika alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa mwaka 1996, na wengi mliopo hapa mmesuluhishwa naye, kwani alikuwa akishika neno moja tu, kwamba ndugu yako akikosa, mwendee wewe kwanza, mkiwa wawili, kabla hujamsema kwa watu.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 Stefano alimwacha mke wake wa ndoa, Severina, akahamia kitongoji cha juu na kuanza maisha na mwanamke mwingine aitwaye Happiness. Marehemu alimfuata peke yake, akamkuta anapiga alizeti, na Stefano alimwamkia shikamoo kama kawaida, kisha akamwambia, "Dada, kama umekuja kama dada, kiti hicho hapo, ila kama umekuja kama mzee wa kanisa, sema upesi nina kazi." Marehemu akamjibu, "Mimi ni mmoja, Stefano, sijui kujigawa." Hawakuelewana, akarudi tena akiwa na mzee Chediel na mzee mwingine, haikusaidia, na Jumapili tarehe 10 Julai 2016 jina la Stefano likasomwa mbele ya kanisa, akatengwa, na baraza la wazee likaagiza kwamba mshirika yeyote asiingie kula katika nyumba ile mpaka Stefano atakapotubu. Marehemu alikuwa ameketi kiti cha mbele jina likisomwa, naye alikuwa ameafiki, kwa kuwa aliamini hatua zote zimefuatwa kama zilivyoandikwa.

Mwezi Agosti 2019 mtoto wa Stefano na Happiness alifariki kwa homa. Marehemu alikwenda msibani, akakaa chini na wanawake, na Happiness mwenyewe, macho yamevimba, alimletea kikombe cha uji, akapiga goti na kukishika kwa mikono miwili, na marehemu akasema, "Asante mwanangu, nimeshiba." Hakuwa ameshiba, maana hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Stefano alikuwa amesimama karibu, akaona, akaenda nyuma ya nyumba.

Tangu siku hiyo marehemu hakuwa na raha. Magdalena, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa akimkuta amefungua Biblia mahali palepale, anasoma, anafunga, anafungua tena, na mwaka 2021 alisimama kwenye baraza akasema, "Wazee wangu, naomba kuuliza. Tumeambiwa asiyesikia kanisa awe kwetu kama mtoza ushuru. Sasa Bwana Yesu, watoza ushuru aliwafanyaje? Si aliingia kwao akala?" Mzee Chediel, ambaye alimpenda na kumheshimu marehemu, akamwuliza kwa upole, "Na Severina, anayekaa benchi moja na wewe kila Jumapili, tumwambie nini?" Marehemu akakaa, na agizo likabaki lilivyo.

Akamwendea Severina nyumbani kwake, kwani hakutaka asikie kwa watu. Severina alikuwa anachambua mlenda, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wifi, yule ni mdogo wako, sikuzuii. Lakini ukitoka kula kule, usipitie kwangu."

Hata hivyo alikwenda, amepika kuku na ugali wa uwele, amevifunga kwenye kitambaa, akabisha hodi kitongoji cha juu. Stefano alitoka akasimama mlangoni, akamwambia, "Mtoto wangu tulimzika ukakataa uji wa mama yake. Leo umesoma mstari mwingine, dada?" Kisha akaingia ndani. Marehemu alikaa kwenye gogo pale nje na chakula mapajani mpaka kikapoa, akarudi nacho. Alirudia tena na tena, na kila mara mlango ulikuwa hivyo hivyo, na huku chini Severina alipomwona anapanda kilima alianza kuhama benchi kanisani, hivyo akawa amewakosa wote wawili, na alikuwa akimwambia Magdalena, "Kila ninaposhika neno upande huu, linaniponyoka upande ule."

Mwishoni mwa mwaka 2023 marehemu alianza kushindwa kumeza, kwanza ugali, baadaye hata uji mzito, akatibiwa Kiomboi, akapelekwa Dodoma na kisha Dar es Salaam, ambako aligundulika kuwa na saratani ya umio, akawekewa mpira wa kumlishia tumboni na kurudishwa nyumbani mwezi Oktoba 2024. Severina, kwa hiari yake, alirudi kumwuguza, akimwosha na kumgeuza, ingawa hawakuwahi kulizungumza lile jambo, kwa kuwa sauti ya marehemu ilikuwa imekwisha.

Tarehe 19 Januari 2025 Stefano alifika na Happiness wakiwa wamebeba chakula, akapiga goti kando ya kitanda akasema, "Dada, tumekuja tule." Severina alikuwa jikoni, akaisikia ile sauti, akaweka chini bakuli alilokuwa analiosha, akatoka kwa mlango wa nyuma. Marehemu alimwona kupitia dirisha, akanyoosha mkono kuelekea kule, hakuna aliyeelewa anataka nini isipokuwa Magdalena, ambaye alikimbia akamwita, lakini Severina hakugeuka. Stefano akamega tonge, akamwekea dada yake mdomoni, naye alilishika pale bila kuweza kulimeza, machozi yanamtoka, mpaka Happiness alipolipokea kwa leso.

Marehemu alifariki dunia Jumatano tarehe 12 Februari 2025, nyumbani, akiwa na umri wa miaka 67, ameacha watoto wawili na wajukuu watano. Familia ilishauriwa tuandike kwamba aliwapatanisha ndugu zake kabla hajaondoka. Hatukuandika, kwa sababu hakuweza, na alikuwa hapendi kusemewa uongo. Stefano yupo hapa upande wa wanaume, Severina yupo pale karibu na jiko, na sisi watoto hatujui la kuwaambia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, wenzake wa kazi waliokuja kumwona mpaka siku za mwisho, majirani waliochota maji na kuchanja kuni, wazee wa kanisa, Severina kwa mikono yake, na Happiness kwa leso yake. Mama, umekwenda kwa kila mlango uliouweza, iliyobaki si kazi yako tena. Pumzika, mama yetu, pumzika kwa amani.