Walioitikia Mwano

Mfuniko wa sufuria ya viazi ulilia kwa mvuke kabla hakujapambazuka. Bibi Selina akafungasha viazi vyake, akawahi kivuko. Kwenye benchi la mbele, wanaume wawili wasiojuana walikuwa wakibishana.

"Kaka, kundi humnyang'anya mtu akili," alisema kijana mmoja, kwa uhakika wa mtu aliyetoka chuo juzi. "Hukuwa wewe."

"Nilikuwa mimi," akajibu mwenzake aliyepakata jogoo. "Kwetu ukisikia mwano, lile yowe la kuitana, unatoka. Usipotoka, kijiji kinakutenga. Nikatoka, wakasema mwizi wa ng'ombe yule pale. Jiwe nililiokota mwenyewe. Kumbe alikuwa mgeni aliyepotea njia."

"Mliorusha mlikuwa wangapi?"

"Wengi."

"Unaona? Ni kundi hilo!"

"Basi kundi lipande kivuko, likamwombe radhi huyo mgeni ng'ambo."

Bibi Selina alicheka chini chini. Alikuwa amemwona kijana, huku akibisha, akimpokea mwenzake jogoo ili apumzishe mikono.

Kivuko kikagusa gati.

"Ameshakusamehe?" kijana akauliza, akimrudishia jogoo.

"Bado. Leo naenda mara ya tatu. Jumapili hakunitazama hata usoni. Ila nilipofika mlangoni nikiondoka, akasema, 'Uje tena.'"