Bahati ya Mzee Felix wa Mizani

Kwa heshima na majonzi yanayostahili, wafanyakazi wa ghala la mahindi, Kitale, wanatangaza kwamba kuanzia tarehe 31 Julai 1951 kigoda kilicho kando ya mizani kitakuwa wazi. Mwenye kukikalia, Mzee Felix Wekoye, anastaafu baada ya miaka ishirini na minne.

Alitoka Sirisia mwaka 1927 kuja kupakia magunia. Baadaye akapewa mizani, kwa kuwa aliuma punje moja tu akajua kama mahindi yamekauka. Meno aliyoanza nayo kazi hayapo yote leo.

Hakuna mkulima aliyepita mizanini bila kuelezwa kwamba Felix ni Kilatini. Kwamba Warumi wa kale walilitumia neno hilo kwa mti unaozaa, kisha kwa mtu mwenye bahati. Na kwamba majemadari na mapapa wamelibeba. Hayo aliambiwa na padri siku ya ubatizo wake, Bungoma. Tangu hapo hajapunguza neno. Kuongeza, ameongeza.

Bahati yenyewe tumeitafuta. Nzige walikula shamba lake wakaruka la jirani. Radi ilichoma jiko lake. Baiskeli yake iliibwa, mwizi akaipanda mpaka Matulo, kisha akairudisha mwenyewe. Mzee akatuuliza, si tunaona sasa, ya mtu mwingine ingerudi?

Jambo moja tu lilimkosesha usingizi: nani atalibeba jina hilo baada yake. Alipopata mjukuu wa kiume, alipendekeza aitwe Felix. Mkewe, Mama Nanyama, akamkumbusha kwamba kwao Wabukusu mtoto hurithi jina la aliyekwisha kufa. Jina lipo, akasema, na njia ya kulitoa ni moja, achague siku.

Hakuchagua. Akamgeukia karani wetu Waithaka, ambaye kwao Wagikuyu mjukuu huitwa jina la babu aliye hai, na babu hufurahi. Mzee hajawahi kulionea wivu kabila lingine kama siku ile. Mke wa Waithaka alikuwa mjamzito, na Waithaka akaahidi kwamba mtoto atabatizwa Felix. Kuanzia hapo ndizi na maziwa ya Sirisia yakawa yanafika kwa Waithaka kila Jumatatu. Mzee alikuwa astaafu mwezi Juni. Akaomba aongezewe mwezi mmoja amsubiri wajina wake. Meneja akakubali, nasi tukapata mwezi mwingine wa Kilatini.

Mzee Felix, ahsante kwa mizani ambayo haikumwonea mtu, na kwa hadithi ambazo hatukuziomba. Nenda salama, Mama Nanyama akutunze, na mti wako uendelee kuzaa.

Mtoto wa Waithaka alizaliwa Jumapili. Ni msichana, na ameitwa Nyaguthii, jina la nyanya yake.