Karatasi ya Mzee Machogu

Ndiyo, ni kweli, nyinyi mnaoniuliza hapa getini: Fundi Zachariah Omwenga anatuacha. Tarehe thelathini Juni 1979 anaweka randa chini, baada ya miaka kumi na nane kwenye karakana ya misheni hapa Nyaramba. Mimi ndiye humletea magogo. Nimepewa kuandika tangazo hili kwa sababu katibu wa misheni ana homa. Nilifika darasa la tatu tu, kwa hivyo makosa ni ya mwalimu.

Omwenga ametengeneza madawati, mipini ya shoka na vinu ambavyo watu hutoka Nyamache kuvifuata. Mti wake ni omoiri: mzito, mgumu, na ukiukausha haraka unapinda na kupasuka. Yeye huuacha kivulini mwaka mzima, watu wanadhani amesahau kazi.

Mwaka 1967 nusura afutwe kazi. Alitengeneza kabati ya kanisa, milango miwili kutoka gogo moja, nililolileta mimi. Mmoja ukafungwa kwenye kabati, ukawa unapigwa na jua la dirishani. Wa pili ukangoja bawaba miezi miwili ndani ya gunia. Kuja kuuweka, ule wa kwanza mwekundu umeiva, huu rangi ya chai yenye maziwa mengi!

Mzee wa kanisa, Machogu, akawaka. "Omwenga! Omoiri umeuza, hapa umetuwekea kuni!"

Fundi mwenyewe hakuelewa. Mpini hushikwa mkononi, nani huangalia rangi? Akapiga randa ule mwekundu ajionee. Ukatoka mweupe kama mwenzake! Machogu akazidi kupiga kelele: sasa hata ule mzuri umeenda wapi? Mimi nilianza kujishuku mwenyewe. Nyumbani, mama Kwamboka, mke wa fundi, akaanza kufunga sufuria, maana nyumba ilikuwa ya misheni.

Ili mtu asiibadilishe milango tena, Machogu akabandika kwa uji karatasi yenye sahihi yake kwenye kila mlango, akailaza milango yote miwili uwanjani juani, mlinzi akae nayo. Sabato mbili zikapita. Kamati ya kanisa ikaja, karatasi zikabanduliwa. Milango yote imeiva, lakini pale karatasi ilipokaa pamebaki peupe kabisa! Na karatasi ni ya nani? Machogu akatazama mlango, akatazama jua.

"Basi, fundi," akasema polepole, "nitengenezee stuli."

Kwamboka akafungua sufuria.

Mpaka leo sijaelewa. Mimi nikikaa juani naiva, sawa, lakini mimi niko hai. Alama zile nazo zilimezwa na jua, na sasa hata Omwenga hajui ni mlango gani ulioshtakiwa.

Fundi, asante. Nenda kwenu Nyacheki na mama, chai yenu ichipue, na mgongo upate kunyooka.

Na wewe msomaji, tupatane hivi. Anaondoka na mbao sita za omoiri zilizokauka vizuri. Agiza kiti. Bandika karatasi, kiweke juani wiki mbili. Usipoona alama, kiti nitalipa mimi Onchiri. Ukiiona, kila atakayekisifu kiti chako umpeleke mwenyewe kwa fundi Nyacheki, kwa miguu yako.