Pale Kanda Ilipoishia

Sikilizeni, wanangu. Kibe, funga hilo dirisha, kelele za magari zisije zikaingia kwenye kanda. Waithera, keti karibu, maana sauti yangu si ile ya darasani mliyoizoea. Kinasa sauti hiki mnakijua, ndicho nilichozunguka nacho Kangemi na Mountain View mwaka wa elfu mbili na moja nikikusanya hadithi za wazee. Wakati ule kilisikiliza watu wengine. Leo kinanisikiliza mimi, na daktari amekwisha kunieleza kwamba sina pumzi ya kupoteza.

Nianze na mali, kwa kuwa mali ni nyepesi. Nyumba hii ya Kileleshwa ni yenu nyote wawili, sawa kwa sawa, na asitokee mtu wa ukoo kusema eti msichana huolewa akaenda zake. Nusu yake imejengwa na vidole vya mama yenu Nanjala, aliyepiga taipu miaka ishirini na sita. Shamba la Limuru msiliuze kabla hamjalilima angalau msimu mmoja kwa mikono yenu. Hati zote zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Vitabu vyangu wapeni watakaovisoma, isipokuwa kimoja, kile chenye jalada la kijani na jina langu kwa herufi kubwa. Hicho ndicho kilichonifanya niwaite.

Mliwahi kuniuliza kwa nini sikuhudhuria mazishi ya Nyanya Waringa, yule bibi wa bondeni chini ya Mountain View. Niliwajibu kwamba nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa na aibu, na aibu haina dawa ya kununua dukani.

Mwaka ule wa kukusanya hadithi nilimwendea saa nne asubuhi, mimi na Sifuna, aliyekuwa msaidizi wangu, akishika maikrofoni. Tulimpelekea sukari na majani ya chai, tukadhani tumetimiza adabu. Bibi akaanza hadithi ya chemchemi iliyo chini ya boma lao: jinsi ukame ulivyoingia, na mke mdogo wa boma lile akateremka na kibuyu adhuhuri, akamkuta mzee asiyemjua ameketi katikati ya maji. Yule mzee akamwuliza, "Umetumwa na kiu au umetumwa na tamaa?" Hapo Nyanya Waringa akanyamaza, akachukua uzi wake, akaendelea kusuka kiondo.

Nikamwita nyanya kwa Kikuyu: "Endelea, cucu, akajibu nini?"

Akacheka. "Wewe mwalimu, jirani akikuletea kiondo cha viazi, unakirudisha kitupu? Mimi nimekujazia nusu. Sasa leta yako ya kwenu, nisikie, ndipo nikumalizie."

Ndivyo hadithi zilivyotolewa bondeni pale, nusu kwa nusu, na mgeni hakupewa mwisho mpaka alipe kwa hadithi yake. Mimi, Muchiri, mwenye shahada mbili za fasihi simulizi, nilikaa pale nikatafuta kichwani hadithi moja ya mama yangu, nikakosa. Nilikuwa ninajua aina za hadithi, sehemu za hadithi, dhima za hadithi. Hadithi yenyewe sikuwa nayo. Sifuna akajaribu kuniokoa: "Cucu, nitoe yangu ya Bungoma?" Bibi akamwambia, "Wewe ngoja, kijana. Aliyeuliza ni huyu." Nikasingizia mkutano, nikamwahidi kurudi. Mpaka leo sijarudi.

Kitabu kilikuwa kinangojwa na mchapishaji, na hadithi ya chemchemi ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Basi nikaketi kwenye meza ile pale, nikautunga mwisho. Niliandika kwamba mke mdogo alimtoa mtoto wa mke mwenzake kwa mzee wa majini, ndipo chemchemi ikafurika. Na kwamba tangu siku hiyo boma lile hunywa maji ambayo wengine waliyalipia kwa damu. Niliuona mwisho mzuri. Niseme kweli yote, kwa kuwa nusu ya kweli ndiyo iliyonifikisha hapa: niliufurahia. Chini yake nikaandika, "Ilisimuliwa na Waringa," pamoja na jina la boma lake.

Mama yenu ndiye aliyepiga taipu. Alikuwa na desturi ya kusikiliza kila kanda akilinganisha na karatasi. Jioni moja akaingia jikoni nilikokuwa nikipasha chai, akasema kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Baba Kibe, mbona kanda imeisha na karatasi inaendelea?"

Nikamwambia ni kazi ya mhariri. Akasema, "Mhariri hukata. Huyu amezaa." Sifuna naye alikataa kutia sahihi kwamba hadithi zote zimehakikiwa, na mimi nikaeneza habari kwamba alikuwa mvivu, amepoteza kanda. Alipoteza kazi, si kanda. Sasa ana kibanda cha kutoa nakala pale Adams Arcade. Nilikuwa nikipita ng'ambo ya barabara nisionane naye.

Kitabu kikasomwa, kikaingia mpaka shuleni. Watoto wa bondeni wakaanza kumwita Njambi, mjukuu wa Nyanya Waringa, "mtoto wa maji ya damu." Nilisikia, nikasema ni utani wa watoto. Kisha mwaka wa elfu mbili na sita, wazee walipokuja kumposa Njambi, mmoja wao alitoa kitabu changu mfukoni mwa koti mbele ya watu wote, akauliza, "Hii ndiyo nyumba iliyonunua maji kwa mtoto wa mwenzake? Na tukiwapa kijana wetu, mtamnunulia nini?" Watu wengine walicheka. Posa ikavunjika kabla chai haijapoa. Akina mama wa kanisa wakamgeukia bibi: "Ulimwambiaje mwalimu mambo haya?" Akaapa kwamba hakuyasema. Lakini jina lake lilikuwa limechapwa, na nani aamini mdomo wa mwanamke mzee mbele ya kitabu cha msomi?

Bibi alikuja hapa. Alipanda ngazi hizi zote kwa miguu yake iliyovimba. Nilimwona kutoka dirishani, nikamwambia mama yenu aseme sipo, nikasimama nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Mtu wa miaka sitini, wanangu, nyuma ya mlango! Nilisikia kila neno.

"Mwambie mwalimu sikuja kugombana," alisema. "Nimemletea mwisho wake, auchukue. Ule wangu ninao. Mimi namngoja na hadithi moja tu, hata iwe fupi."

Akaweka kitabu mezani, akanywa maji, akashuka. Mama yenu alimsindikiza mpaka barabarani, na aliporudi hakunigombeza. Aliniambia tu, "Nilisema uongo kwa mama wa watu kwa ajili yako. Usiniombe tena."

Tangu siku ile Nanjala alishuka bondeni kila Jumamosi kumjulia hali, mpaka bibi alipofariki. Na yeye mwenyewe alipolazwa na ugonjwa uliomchukua mwaka jana, alinifundisha hadithi, jioni baada ya jioni, ile ya jogoo wa kuazima mliyolala nayo utotoni. Alinirudishia kila nilipokosea. "Ishike," aliniambia. "Hii ndiyo utakayolipa nayo. Njambi ameachiwa ule mwisho na nyanyake, atakupokea." Nilimwahidi. Nikamzika, nikaendelea kuahidi. Kuahidi nimekuwa hodari.

Sasa fanyeni hivi. Nendeni kwanza kwa Sifuna, mkamwambie mbele ya wateja wake kwamba hakupoteza kanda yoyote, na mwombeni awafuate. Kisha shukeni bondeni Jumapili watu wakitoka kanisani. Chukueni kanda ya Nyanya Waringa, ile yenye alama nyekundu, mkaipige hadharani mpaka pale inapoishia, watu wasikie ukimya wake kwa masikio yao. Halafu pigeni hii yangu. Msikate mahali popote kwa kunihurumia. Mchapishaji nimeshamwandikia akitoe kitabu madukani. Barua imo sandukuni, ipelekeni kwa mkono.

Na Njambi msimpe pesa, atadhani tumekuja kununua maji. Mpeni hadithi ya mama yenu. Akitaka kuwapa mwisho wa kweli, upokeeni kwa mikono miwili, na msiuandike. Asipotaka, msimlaumu. Rudini nyumbani bila mwisho, kama nilivyostahili kurudi mimi.

Sogeeni. Nipeni viganja vyenu. Nawatemea baraka kama baba yangu alivyonitemea: midomo yenu ifuate mnayoyajua na isiyapite, milango yenu isiwe na mtu nyuma yake, na Mungu aliyemchukua Nanjala awape wenzi wa kuwauliza maswali kwa upole.

Waithera, maji kidogo. Basi. Inatosha.

Nataka niitoe mwenyewe, ile hadithi, japo kwenye kanda, Njambi aisikie kwa sauti ya mwenye deni. Paliondokea mtu aliyeazima jogoo wa jirani ili amwamshe siku moja tu ya safari. Akarudi safarini, akakaa naye asimrudishe. Kule kwa jirani kukawa hakuchi, watu wakalala na shamba likalala. Naye huyu akawa anaamka peke yake kila alfajiri, anatoka nje, hana wa kumwamkia. Mwaka ukapita. Siku moja akamchukua yule jogoo, akamweka begani, akashika njia. Akafika kwa jirani. Akasimama mlangoni, akainua mkono abishe, na jogoo...

Pumzi, wanangu.

Kibe, iache izunguke. Kanda ikiisha nami sijamaliza, msinimalizie.