Namba ya Wodi ya Wazazi Iko Chini ya Picha Yako

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa hospitali yetu,

KARIBU
Karibu kaunta. Hujawahi kukanyaga huku mbele, kwa hiyo hatutakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

TULIKOTOKA
Mwaka jana ulituagiza tutengeneze tovuti, bila mtaalamu, bila semina. Aliyetushika mkono ni mpokea simu wetu, ambaye wote tunamwita Mama Haloo. Alichora ukurasa kwenye karatasi, akampa yeyote aliyekaa kwenye benchi la wagonjwa: "Mama, hapa ungebonyeza wapi?" Mtu akipotea, Mama Haloo alifuta mchoro wake, hakumlaumu mtu.

TULICHOFANIKIWA
Rangi mbili tu. Maandishi meusi, makubwa, juu ya weupe. Namba ya wodi ya wazazi juu kabisa, ukiigusa inapiga hapa mezani kwa Mama Haloo. Ukurasa ulifunguka upesi hata kwenye simu iliyopasuka kioo.

KILICHOTUKERA
Wewe uliukagua kwa projekta, kwenye ukuta wa ukumbi wa mikutano. Ukasema haujachangamka. Ukaagiza picha yako ukikata utepe, nyingine nne za kupishana, na salamu zako aya saba. Namba ikashushwa chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu, eti isiharibu mandhari. Mama Haloo alipokwambia wagonjwa hawana ukuta, wana simu, ulimjibu, "Wewe kazi yako kupokea simu."

Basi amepokea. Jumanne iliyopita, saa saba mchana, mume mmoja alipiga akiwa tayari getini, mkewe amelala kiti cha nyuma cha teksi. "Dada, tangu nyumbani naitafuta hii namba. Naona mtu na mkasi tu." Mkunga alitoka mbio. Mama alipona, mtoto hakuwahiwa. Mama Haloo hali chakula vizuri tangu siku hiyo, na sisi tuna hasira, wala hatuifichi.

TUNACHOOMBA
Hatutaki mtaalamu. Tunataka ukurasa wetu urudi leo, na kitu chochote kipya kijaribiwe kwanza pale kwenye benchi, kwenye simu ya mgonjwa.

Ila kabla hujajibu, tafadhali toa simu yako, uitafute namba ya wodi ya wazazi. Mama Haloo amekaa mezani kwake. Tunasubiri simu ilie.

Mungu awalinde binti zako, wasije wakaitafuta namba hiyo wakiwa na haraka.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Mapokezi na Simu